Mzee amepata kiharusi? Anzieni kwenye kabati lake la nguo

Mimi ni mtaalamu wa tibakazi, yaani nawasaidia wagonjwa waweze tena kufanya wenyewe shughuli za kila siku, na swali ambalo ndugu wa mgonjwa wa kiharusi wananiuliza karibu kila siku ni atatembea lini. Sasa mzee mwenyewe ukikaa nae pembeni anakwambia kinachomuumiza roho ni kuvalishwa suruali na mkwe wake. Hili tunalipuuza na sio dogo.

Kifungo cha shati kinataka mikono miwili, mmoja ushike kitambaa mwingine usukume kifungo, zipu na kamba za viatu hivohivo, mtu upande mmoja umelegea atafanyaje? Wekeni mashati pembeni, mtafutieni tisheti ya shingo pana inayovutika, saizi moja juu ya ile aliyozoea, na suruali ya lastiki isiyobana kiuno. Kina mama dera lipo tayari. Kanga naipenda jamani ila kuifunga nako ni mikono miwili na ikilegea inamkwaza, bora fundi aishone iwe sketi ya lastiki.

Avae akiwa amekaa kwenye kiti, miguu ikanyage chini. Mkono uliolegea uingie kwanza mpaka kitambaa kipite kiwiko, ndio uje mkono mzima, mwisho kichwa. Kuvua ni mzima kwanza. Na msiuvute ule mkono, bega lake linateguka kirahisi!

Kwenye viatu kosa ni ndala. Kuzivaa rahisi kweli, ila ndala inakaa mguuni kwasababu vidole vinaibana, mguu uliopoteza nguvu haubani, inachomoka mtu anaanguka, na kama ana kisukari anajikata wala hasikii. Mpeni raba ya kutumbukiza yenye kisigino kilichozibwa nyuma, soli isiyoteleza, pamoja na kijiko kirefu cha viatu, kile cha kutelezeshea kisigino kiingie kwenye kiatu.

Kuna kijana wa Marekani mwenye mtindio wa ubongo, Matthew Walzer, mwaka 2012 aliwaandikia Nike kwamba anataka kwenda chuo bila kuwaza kila siku nani atamfunga kamba za viatu. 2015 wakatoa viatu vya FlyEase vinavyovalika kirahisi, alafu 2021 ikaja Go FlyEase ambayo inapinda katikati, unaingiza mguu, unakanyaga, basi, mkono haugusi kitu. Bei yake kubwa, ila fundi viatu wa mtaani kwenu anaweza kutoa kamba za raba ya mtumba akaweka lastiki, nayo ikavalika vizuri tu.

Mkija kliniki mje na nguo na viatu anavyovaa nyumbani, tuvijaribu pamoja, na yeye aanze mwenyewe kabla hamjamsaidia, hata akitumia dakika 20 muacheni.