Jicho linaona, nani anahukumu?

Mtu anaoneshwa mchoro wa mistari miwili yenye vichwa vya mishale. Mmoja unaonekana mrefu kuliko mwenzake, kisha anaambiwa inalingana. Papo hapo anatangaza kwamba macho yanadanganya, kwa hiyo binadamu hawezi kujua lolote kwa hakika, na kwamba wanafalsafa wa shaka walishalisema hilo zamani. Hapo pana makosa mawili, na yanarudiwa kila kukicha na watu ninaowaheshimu.

Maarifa ya milango ya fahamu ni yale yanayotufikia kwa kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Kuyatilia shaka, kwa maana ya kifalsafa, ni kuuliza tuna haki gani ya kuyaita maarifa. Basi. Hilo ni swali, na kosa la kwanza ni kulichukua kama jibu.

Sextus Empiricus, tabibu aliyeandika kwa Kigiriki yapata miaka 1,800 iliyopita, anaanza kitabu chake juu ya shaka kwa kuwagawa watu makundi matatu: wanaosema wameipata kweli, wanaosema haiwezi kupatikana, na wanaoendelea kuitafuta. Wenye shaka ni hao wa tatu. Anayesema “hakuna kinachojulikana” yumo kundi la pili, naye ameshakata kauli kama yule wa kwanza. Sextus hakukana hata anachoonja. Asali, anasema, kwetu inaonekana tamu, na hilo halina ubishi. Kinachochunguzwa ni kama huo utamu umo katika asali yenyewe.

Kosa la pili ndilo zito zaidi, nalo ni kulibebesha jicho mzigo usio wake. Inasimuliwa kwamba mjini Basra watu walitoka kuutafuta mwezi mwandamo, na miongoni mwao alikuwemo Anas bin Malik, sahaba wa Mtume, umri wake ukikaribia miaka mia. Akasema ameuona, akaonesha kwa kidole. Wenzake wakatazama, wasione kitu. Iyas bin Muawiya, ambaye sifa yake ya ukadhi na wepesi wa akili ilivuma, akamwangalia mzee usoni, akaona unywele mmoja mweupe wa nyusi umepinda mbele ya jicho. Akaupangusa, akausawazisha, kisha akamwomba aoneshe tena mwezi uko wapi. Anas akatazama, akasema hauoni.

Sasa tujiulize, jicho la mzee yule lilileta habari gani? Lilileta uzi mweupe, mwembamba, uliopinda, mbele ya mbingu ya magharibi. Na uzi mweupe uliopinda ulikuwepo kweli! Neno “mwezi” halikutoka kwenye jicho. Aliliongeza mtazamaji, kwa sababu mwezi ndio alioutoka kuutafuta. Tena aliyeligundua kosa hakutumia hesabu wala ufunuo. Alitazama kwa macho yake, na mzee akalithibitisha kwa jicho lake lilelile.

Kant, mwanafalsafa Mjerumani, aliliweka hili kwa ufupi mwaka 1781: milango ya fahamu haikosei, si kwa sababu inahukumu sawa daima, bali kwa sababu haihukumu kabisa. Karne saba na zaidi kabla yake, mwanasayansi Mwarabu Ibn al-Haytham alikuwa ametenga sehemu nzima ya kitabu chake cha elimu ya mwanga na kuona kwa ajili ya makosa ya kuona, akieleza kwamba mengi tunayoyaita kuona ni makisio ya akili yanayopita haraka mno hata hatuyatambui.

Mwezi mpevu unaochomoza baharini unatoa nafasi nzuri ya kulijaribu hili. Unaonekana mkubwa ajabu, na saa chache baadaye, ukiwa utosini, umenywea. Nyosha mkono, shika punje ya mbaazi kati ya vidole, funga jicho moja, uufunike mwezi nyakati zote mbili. Punje ileile inatosha kote. Kwa kweli unapochomoza mwezi uko mbali nasi kidogo zaidi kuliko ukiwa utosini. Picha inayofika ndani ya jicho haijabadilika kwa kiasi cha kutajika. Kilichobadilika ni makadirio yetu ya ukubwa. Na umeyajua haya kwa punje na jicho.

Sitaki kusema mambo ni mepesi. Ile mistari ya mchoro huendelea kuonekana tofauti hata baada ya kuipima kwa rula, maana yake hukumu nyingine hupitishwa bila kututaka ruhusa, na kujua hakuzifuti. Mgonjwa mwenye homa kali anayeona watu chumbani hawezi kuambiwa amekisia vibaya tu. Lakini mvuvi wa mkuki anamwona samaki juu kidogo ya pale alipo, kwa kuwa maji yanapinda mwanga, na miaka yote jicho lake linamwonesha hivyohivyo. Analenga chini yake, na anampata.

Wanaobisha humleta Imamu al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, kama shahidi wao. Ni kweli aliandika kwamba jicho hukiona kivuli kimesimama, kumbe kinatembea, na huiona nyota ndogo kama dinari, kumbe ni kubwa kuliko dunia. Ila someni alivyosema kivuli kilijulikanaje: kwa tajriba na kwa kukitazama tena baada ya saa moja. Kisha hakuishia kwenye macho. Aliuliza kwamba ikiwa akili imeyakosoa macho, pengine nyuma ya akili yupo hakimu mwingine ambaye angetokea angeikosoa akili yenyewe, kama anayeamka anavyozikosoa ndoto zake. Swali hilo ndilo lililomuuguza kwa karibu miezi miwili, na mwenyewe anasema hakuponywa kwa hoja bali kwa nuru ya Mwenyezi Mungu. Kumtaja kwa ajili ya macho peke yake ni kumkatiza nusu ya maneno yake.