Njoo na ripoti yako ya shule ya msingi: kuhusu ADHD kwa wanawake watu wazima

Kila mwaka Siku ya Afya ya Akili Duniani, Oktoba 10, inapokaribia, foleni ya kliniki yetu hapa Mbeya hurefuka. Safari hii kuna jambo jipya. Wanawake wa miaka thelathini, arobaini, hata hamsini wanaingia na simu mkononi, wananionyesha video fupi na kusema, "Daktari, mimi nina hii." Wengine wanayo kweli, na hakuna aliyewahi kuwauliza. Wengine hukasirika nikiwaambia kuwa dawa haiandikwi kwa video ya sekunde arobaini. Ndiyo sababu ya makala haya.

ADHD ni hali ya ubongo inayoanza utotoni: upungufu wa umakini, kutotulia na kufanya jambo kabla ya kulifikiri. Haiambukizi, na hurithiwa sana ndani ya familia. Si mara moja mama ameleta mtoto kupimwa, akasikiliza maswali yetu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hayo yote ni mimi." Na kwa heshima zote, naomba tuache kusema kuwa huu ni ugonjwa wa Wazungu. Watoto wasiotulia walikuwepo Rungwe na Makete kabla ya intaneti. Walichokosa ni jina la hali yao, walichopata ni fimbo.

Kuna mama anauza vitenge Mwanjelwa (nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike). Alikuja na daftari la kikoba badala ya maelezo. Kwenye safu ya faini jina lake lilikuwepo karibu kila Jumamosi: kuchelewa, kusahau kitabu, kuongea bila ruhusa, simu kuita kikaoni. Hela anayo, hisa ananunua. Ila akishafunga duka awahi kikao, anakumbuka chenji ya mteja, anarudi, anaona kitambaa kimeanguka, anakiokota, anaanza kupanga rafu nzima upya. Akija kuangalia saa, wenzake wameshahesabu hela. Wanamwita Mama Faini, na yeye hucheka nao. Kwa mumewe ni mzembe, kwa mama mkwe hakufundwa. Yeye mwenyewe alikuwa ameshakubali kuwa ni mjinga, na hilo ndilo lililomleta kwetu, maana alikuwa halali usingizi.

Kwa nini hakugunduliwa mapema? Mvulana mwenye ADHD mara nyingi hupanda juu ya dawati na mwalimu humwona. Msichana mara nyingi hutazama dirishani, na asiyesumbua hapelekwi popote. Ndiyo maana utotoni wavulana hugundulika zaidi ya wasichana, kama mara mbili hadi tatu, lakini ukubwani pengo hilo hupungua sana. Msichana hujifunza kuficha. Anakesha kumaliza kazi iliyopaswa kuisha mchana, anakagua mkoba mara sita, anaomba radhi kabla hajakosea. Akiolewa, akapata watoto, biashara na wageni wa ukweni kwa pamoja, kificho kinapasuka. Wengi pia hutueleza kuwa siku chache kabla ya hedhi mambo huwa mabaya zaidi, na wengine huona hivyo wanapokaribia kukoma hedhi. Homoni ya estrojeni inaposhuka, umakini nao hutetereka. Hilo tulieleze bila aibu, na waume walisikie.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo malalamiko yanapotoka. Hakuna kipimo cha damu cha ADHD, wala picha ya kichwa inayoionyesha. Tunatumia mahojiano. Vigezo vinavyotumika sana, vilivyotolewa Marekani mwaka 2013, vina dalili tisa za kukosa umakini na tisa za kutotulia na kukurupuka. Mtu mzima anatakiwa kuwa na zisizopungua tano katika kundi mojawapo, ziwe zimedumu miezi sita au zaidi, zionekane sehemu mbili au zaidi, mfano nyumbani na kazini, na zimharibie maisha. Juu ya yote, baadhi ziwe zilionekana kabla hajatimiza miaka 12. Mtu aliyekuwa makini maisha yake yote akaanza kusahau mwaka jana ana jambo jingine, na ni lazima tulitafute.

Kwa hiyo tunapima vingine kwanza. Upungufu wa damu, tezi ya shingo, sonona, wasiwasi, kukosa usingizi, kifafa, pombe: vyote hivi huiba umakini. Mama anayenyonyesha mapacha na kulala saa tatu kwa siku hahitaji jina la ugonjwa, anahitaji mtu wa kumshikia watoto. Tukikwambia ukapime damu si kwamba tunakuzungusha.

Ukija, anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya upewe barua ya rufaa. Wa bima aje na kadi na kitambulisho. Njoo na mtu aliyekujua ukiwa mdogo: mama, shangazi, dada mkubwa. Njoo na ripoti za shule ya msingi kama zipo. Mstari mmoja wa mwalimu wa darasa la tatu, "Ana uwezo ila hatulii, anapoteza vifaa", hunisaidia kuliko maswali ishirini. Ruhusa ya mume haihitajiki. Wewe ni mtu mzima, na utakayoyasema hayatoki chumbani bila idhini yako, isipokuwa pale maisha yanapokuwa hatarini.

Dawa zipo, na kwa wengi husaidia, lakini si kila duka la dawa linazo. Methylphenidate, inayojulikana zaidi duniani, imo katika Jedwali la Pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Maana yake inadhibitiwa. Hatuiandiki kwa simu, hatuiandiki kwa picha ya WhatsApp, wala hatumwandikii dada kwa niaba ya mdogo wake. Tunapima presha na mapigo ya moyo kabla na baada ya kuanza, na tunauliza kuhusu ujauzito na kunyonyesha. Kumgawia jirani vidonge viwili "ajaribu" ni kosa chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na adhabu zake ni nzito. Nimeshaulizwa kama mirungi inaweza kutumika badala yake. Mirungi ni haramu kisheria na haitibu ADHD. Naomba nisiulizwe tena.

Dawa peke yake haipangi nyumba. Mama wa vitenge tulianza naye na vitu vidogo. Daftari moja, si karatasi tano kwenye pochi. Msumari mmoja mlangoni kwa ajili ya funguo. Kengele mbili za simu siku ya kikao: ya kwanza ya kufunga duka, ya pili ya kuondoka hata kama rafu imevurugika. Mwekahazina wa kikoba, kwa idhini ya mama huyo, alielezwa, na sasa wanapita dukani kwake na kwenda wote. Faini hazijaisha. Zimepungua, na yeye analala.

Jambo moja si dogo kwa nyanda zetu. Juni na Julai, baridi ikikaza, watu huingiza jiko la mkaa ndani. Hewa yake ya sumu haina harufu na imeua watu. Jiko hilo halifai kuingizwa ndani kwa yeyote, ila mtu mwenye ADHD atalisahau kweli, hata akiapa kulitoa kabla ya kulala. Likae nje, na ndani ziongezwe blanketi.

Wanaosali waendelee kusali, hatujamkataza mtu. Tunachoomba ni kuwa mwanamke asiambiwe ana pepo la uvivu kisha akanyimwa barua ya rufaa. Na ripoti ya shule ukikuta imeliwa na mchwa, njoo hivyo hivyo, mradi dada yako mkubwa awepo.