Kilimo cha kurudisha rutuba Tabora: hela zipo, ila si pale wengi wanapozitafuta

Tabora tuna msimu mmoja. Mvua zinaanza Novemba, zinakatika Aprili au mwanzoni mwa Mei, na kwa msimu huo huo mkulima wa Uyui, Sikonge, Urambo au Kaliua anatakiwa apate chakula cha mwaka, ada za watoto na mtaji wa kulimia tena. Udongo wetu kwa sehemu kubwa ni wa kichanga, haukai na maji wala virutubisho. Kwa hiyo anayesema kwamba kilimo cha samadi, mikunde, miti na masalia ya mazao ni cha kwenye semina tu, anastahili kujibiwa kwa hesabu. Mimi naamini kinalipa, na naamini pia kwamba wengi wanakata tamaa kwa sababu waliahidiwa faida isiyokuwepo.

Dhana: "Ukilima bila kemikali utauza kwa bei ya juu."

Kwa mahindi, hapana. Ukiyapeleka mnadani, mnunuzi haulizi yamekuzwa na nini. Alama ya Kilimohai ya Afrika Mashariki, inayobandikwa kwenye mazao yaliyolimwa bila kemikali, ipo tangu 2007, na inawafaa wakulima walio kwenye vikundi, wanaokaguliwa na wenye mnunuzi anayejulikana. Mkulima wa ekari tatu aliye peke yake asipange bajeti yake juu ya bei hiyo.

Hela iko sehemu mbili: gharama ulizoacha kuingia, na mwezi unaouza. Juni kila mtu anavuna, kila mtu ana deni, bei iko chini, na bado unalazimishwa rumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi. Kufika Desemba na Januari, yule yule aliyeuza ananunua mahindi kwa bei ya juu. Aliyelima kwa gharama ndogo hana mkopo wa kulipa Juni, kwa hiyo anaweza kusubiri. Mimi hapo ndipo naiona faida yenyewe.

Lakini kusubiri kunataka ghala salama, na mkoa huu unajua vizuri habari ya dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani: ni hapa Tabora alipotambuliwa kwa mara ya kwanza barani Afrika, mwishoni mwa miaka ya 1970 au mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mfuko wa kuhifadhia usiopitisha hewa unamuua kwa kumkosesha hewa, bila dawa, mradi mahindi yamekauka sawasawa. Kupima ukavu hakuna gharama. Chukua chupa kavu ya soda, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, yarudishe juani. Ikishuka yote chini, funga mfuko. Ukifungia mahindi mabichi, ukungu utaharibu kile ambacho dumuzi angekula.

Dhana: "Lazima uachane na mbolea ya dukani moja kwa moja."

Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za nitrojeni, kirutubisho kikuu cha kukuza mahindi. Samadi kavu iliyotunzwa vizuri ina takriban kilo moja katika kila kilo 100, na ya zizi lililonyeshewa na kupigwa jua ina pungufu. Maana yake ni kwamba ili kufikia mfuko mmoja unahitaji zaidi ya tani mbili za samadi, na hata hizo hazitoi virutubisho vyote msimu wa kwanza. Hiyo ni safari nyingi za mkokoteni. Shamba likiwa mbali na zizi, gharama ya kubeba inaweza kumeza faida yote.

Faida ya samadi ni kile ambacho urea haina: inaufanya mchanga ushike maji, na mbolea kidogo unayonunua haipotei na mvua. Kwa hiyo changanya. Samadi kwenye shimo, kisha mbolea ya kupandia kizibo kimoja cha soda kwa kila shimo, badala ya kurusha mfuko mzima shamba zima.

Na kabla ya kukodi mkokoteni, zungumza na mwenye mifugo. Baada ya mavuno ng'ombe wataingia shambani kwako tu, mabua hayana mlinzi. Afadhali iwe kwa makubaliano: "Mzee, mabua chukua, ila mifugo ilale kwangu mpaka niseme." Zizi la miti linahamishwa kila baada ya siku kadhaa, na shamba linapata samadi na mkojo pale pale bila mtu kubeba hata karai moja. Wekeni maneno hayo mbele ya mwenyekiti wa kitongoji.

Dhana: "Usipolima kwa plau, kazi inapungua."

Kutopindua udongo ni sehemu ya kilimo hiki, ila misimu ya mwanzo magugu yanaongezeka. Asiye na matandazo ya kutosha wala kunde za kufunika ardhi atalipa vibarua wa palizi zaidi ya alivyookoa kwenye plau. Aanze na eneo ambalo familia inaweza kulipalilia kwa wakati.

Dhana: "Kuchanganya mazao kunapunguza mapato."

Mahindi yanaweza kupungua kidogo, ndiyo. Ila hesabu shamba, usihesabu mahindi peke yake. Karanga, kunde au mbaazi zinaingiza nitrojeni ardhini na zinauzwa. Angalia kitu kimoja: ukiing'oa karanga ukaibeba na majani yake yote nyumbani, sehemu kubwa ya rutuba imekufuata. Majani yarudi shambani. Wala usiegemee zao moja la mikunde. Agosti 2017 India ilipoweka ukomo wa kuingiza mbaazi, bei hapa nchini ilianguka vibaya, na waliopanda mbaazi tupu ndio walioumia zaidi. Viazi vitamu vikikaushwa kuwa michembe vinakuletea hela kiangazi, wakati shamba halitoi kitu.

Dhana: "Miti inakula shamba."

Watafiti wa kituo cha kilimo cha Tumbi, hapa hapa Tabora, walijaribu kupanda akasia za Australia pamoja na mahindi: miaka miwili mitatu ya kwanza unavuna mahindi katikati ya miche, kisha miti inaachwa ikue, inakatwa kuni, na shamba linarudi kwenye mahindi. Kwa mkoa unaokausha tumbaku kwa kuni, mti ni zao. Miombo, miti yetu ya asili, ikibaki, mizinga nayo inapata nyuki.

Dhana: "Uingie kwa nguvu, ukope, ubadilishe shamba lote."

Hapana kabisa. Rutuba inarudi kwa misimu, marejesho ya mkopo yanadaiwa mavuno ya kwanza. Tenga nusu ekari iliyo karibu na zizi, mengine lima ulivyozoea. Kwenye daftari andika tarehe ya kupanda, kila shilingi iliyotoka, na siku ambazo mama, baba na watoto walifanya kazi, maana nazo ni gharama. Gawanya faida kwa siku hizo, pande zote mbili za shamba. Baada ya misimu miwili mitatu, nusu ekari ile ikiwa bado iko nyuma, kagua kwanza kama ulichelewa kupanda au palizi, kabla hujailaumu samadi.