Utelezi wa ndani ya dumu, na U.T.I. isiyoisha

Maji yakikatika Tanga, nyumba nyingi za Ngamiani hurudi kwenye madumu na mapipa. Maswali yafuatayo kina mama huyauliza sana.

Dumu nalisuuza kila siku. Mbona bado linateleza?
Pitisha kidole upande wa ndani, karibu na mdomo. Ule utelezi ni bakteria wenyewe pamoja na ute wao. Wakifika kwenye plastiki hujishikiza kilegevu kwanza, na hapo ni rahisi kuwang'oa. Wakiachwa, hutoa ute wa sukari na protini, wakaganda na kuzaliana humo humo. Kusuuza tu huondoa wanaoelea.

Si natia klorini?
Endelea kutia, lakini jueni klorini huishia juu ya utando huo wa ute kabla ya kufika chini. Sugua kwanza kwa sabuni na brashi, ndipo utie dawa. Dumu la mdomo mwembamba halisuguliki vizuri. Mimi ningechagua ndoo yenye mfuniko na koki.

Na mwilini bakteria hushikaje?
Chukua U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Mara nyingi msababishi ni Escherichia coli, mkazi wa kawaida wa utumbo. Ana vinyuzi vyembamba, na kwenye ncha yake kuna protini inayonasa sukari iitwayo manosi juu ya seli za kibofu. Ajabu yake ni hii: mkojo ukipita na kumvuta, protini ile hukaza zaidi, kama fundo la kamba ya ngalawa. Wengine hupenya ndani ya seli na kujificha, ndiyo sababu mojawapo ya ugonjwa kurudi.

Basi kunywa maji mengi ni kazi bure?
Hapana. Utafiti uliochapishwa 2018 uliwapa wanawake wenye U.T.I. ya kujirudia, waliozoea kunywa maji kidogo, lita 1.5 za ziada kila siku. Maambukizi yalipungua karibu nusu. Hiyo ni kinga lakini, si tiba.

Nikanunue vidonge duka la dawa?
Pima mkojo kwanza, na kama tatizo linajirudia omba uoteshwe maabara ijulikane dawa ipi inamuua bakteria huyo. Mwenye homa, maumivu ya kiuno au mimba asisubiri: aende kituo cha afya leo.