Tela Uani, Waya Dirishani: Tunayoyaamini Kuhusu Umeme wa Karavani, na Ukweli Wake

Barabara ya Horohoro hutuletea Tanga wageni wanaosafiri na chumba chao nyuma ya gari: karavani, au tela kama wengi tunavyoliita. Wengine huegesha kwenye kambi za ufukweni, wengine hufikia kwa jamaa na marafiki, Raskazone, Sahare, Mwambani. Na siku hizi si wageni tu. Wapo wenyeji walionunua karavani kuukuu, wakaiweka uani na kuifanya chumba cha wageni au kibanda cha chipsi. Tela likishatulia, swali la kwanza ni umeme, na jibu huja upesi mno: vuta ekstensheni kutoka sebuleni, pitisha dirishani, chomeka.

Soketi ya nyumbani inaweza kulilisha tela lililoegeshwa. Nalisema hilo mapema nisieleweke vibaya. Kinachonitia hofu ni yale tunayoyaamini wakati wa kuchomeka, maana baadhi yake yanaua, na mengine yanaunguza nyumba polepole bila mtu kuona moshi.

"Tela lina matairi ya mpira, haliwezi kupiga shoti"

Hii ndiyo ninayoisikia zaidi, na ndiyo mbaya kuliko zote. Ni kweli mpira haupitishi umeme. Lakini hatari inaanzia hapo hapo. Waya ukichubuka ndani ya tela, ule wa moto ukagusa bodi ya bati au chesisi, bodi nzima inakuwa na umeme, na umeme huo hauna pa kwenda kwa sababu matairi yameuzuia. Breka haikatiki. Taa zinawaka kama kawaida, friji inanguruma, feni inazunguka. Kisha mtoto anarudi kutoka kuogelea, mwili umelowa, miguu mitupu juu ya mchanga mbichi, anashika kitasa cha mlango. Njia ya kwenda ardhini imepatikana, nayo ni mwili wa mtoto.

Kinachomkinga ni waya wa ethi, ule wa kijani na njano, unaotoka kwenye chesisi ya tela, ukapita kwenye kebo, ukafika kwenye soketi na kuishia kwenye fimbo ya ethi iliyopigwa ardhini nje ya nyumba. Ukikatika popote katika safari hiyo, kinga haipo, na hakuna taa itakayozimika kukujulisha.

Na safari hiyo hukatika kirahisi kuliko tunavyodhani. Chukua plagi ya nyumbani ya Ulaya, ile ya duara yenye pini mbili nene, ambayo baadhi ya karavani huja nayo kwenye adapta. Ethi yake haiko kwenye pini, iko kwenye vipande vya chuma pembeni. Sasa sisi tumezoea kuchukua kalamu, kuisukuma kwenye tundu la juu la soketi ili yale mawili ya chini yafunguke, kisha tunaingiza plagi ya pini mbili kwa nguvu. Plagi inaingia, tela linawaka, kila mtu anafurahi. Vile vyuma vya pembeni havijagusa kitu. Tela zima halina ethi. Adapta ya kweli, yenye pini tatu na inayofikisha ethi hadi kwenye vile vyuma vya pembeni, ni kitu kidogo sana cha kununua ukilinganisha na hilo.

"Fundi alipima kwa testa, ikawaka, umeme uko sawa"

Testa ya bisibisi inakuambia jambo moja tu: hapo ulipogusa kuna umeme. Haikuambii kama ethi ipo, wala kama nyutro, waya wa kurudishia umeme, iko mahali pake, wala kama soketi itastahimili mzigo. Mahali testa inapofaa kwa tela ni kwenye bodi. Tela likishachomekwa, kabla mtu hajagusa mlango, gusisha testa kwenye chuma kisicho na rangi, kwa mfano kwenye ndoano ya kuvutia. Ikiwaka, hata kwa mwanga hafifu, nenda ndani ya nyumba ukazime swichi ya soketi na uchomoe. Usianzie kwenye tela. Isipowaka bado hujathibitisha kwamba ethi ipo, umethibitisha tu kwamba kwa dakika hiyo hakuna uvujaji ambao testa imeweza kuuona. Ethi inapimwa kwa kifaa chake, na fundi mwenye leseni ya EWURA anapaswa kuwa nacho au kujua pa kukipata.

Jambo la nyutro nalo si dogo. Soketi iliyofungwa waya kinyume, wa moto upande wa nyutro, itawasha kila kitu vizuri kabisa. Lakini baadhi ya karavani, hasa za zamani, zina breka au swichi inayokata waya mmoja tu. Waya zikiwa kinyume, ukizima unakata nyutro, na ule wa moto unabaki umejaa ndani ya jiko au hita unayodhani umeizima.

"Breka ipo, kukitokea lolote itakata"

Breka inalinda waya usiungue. Haikuwekwa kwa ajili ya mwili wa mtu, na kwa nyumba zetu za pwani hesabu yake inatisha. Nyumba nyingi hapa zinategemea fimbo yake yenyewe ya ethi. Mchanga mkavu na mwamba wa matumbawe, kama ule tunaochimba Mwambani, havipokei umeme vizuri. Tuseme ukinzani wa fimbo hiyo ni omu 50. Waya wa moto ukigusa chesisi, volti 230 gawanya kwa 50 unapata ampea 4.6. Breka ya soketi ni ya ampea 20. Itaziona ampea 4.6 kama birika dogo limewashwa, haitakata kamwe, na bodi ya tela itaendelea kuwa na umeme usiku kucha huku ethi ikiwepo.

Kwa hiyo panahitajika RCD ya miliampea 30, yaani swichi inayokata umeme unapovuja. Yenyewe inalinganisha umeme unaotoka kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Ukipungua kidogo tu, maana yake sehemu imepita njia nyingine, pengine kwa mtu, na inakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Zile ampea 4.6 ambazo breka haikuziona ni zaidi ya mara 150 ya kiwango chake. Ethi na RCD vinafanya kazi pamoja: ethi ikiwepo, RCD inakata pale pale hitilafu inapotokea. Ethi isipokuwepo, inasubiri hadi mtu aguse ndipo ikate, naye atakuwa ameshapigwa.

Tazama kwenye boksi la meni swichi. RCD ina kitufe kidogo cha kujaribia. Kibonyeze kabla ya kuchomeka tela, lazima ikate. Isipokata, imekufa, na tela lisubiri. Nawasihi pia wale wanaosema "hii kitu inakatakata bure, fundi iondoe." Ikikata kila tela linapochomekwa, kuna kinachovuja. Mara nyingi ni hita ya maji au ile ya friji iliyokaa muda mrefu ikaingiwa na unyevu wa bahari. Zima vyote, washa kimoja kimoja, utakipata.

"Plagi ya pini tatu ni ya ampea 13, inabeba tela lolote"

Ampea 13 kwa volti 230 ni wati 2,990. Karavani nyingi za Ulaya na Afrika Kusini zina plagi ya bluu ya duara ya ampea 16, yaani wati 3,680, na kambi zilizojengwa kwa ajili yake zina soketi ya aina hiyo. Ukitumia adapta kuileta kwenye soketi ya nyumbani, umebadilisha umbo la plagi tu, umeme haukuongezeka. Birika la wati 2,000 na AC ya wati 1,300 vikiwaka pamoja, tayari ni 3,300.

Wengi hujifariji kwamba fyuzi ndani ya plagi itakatika. Fyuzi ya ampea 13 hubeba zaidi ya 13 kwa muda mrefu kabla ya kukubali kukatika, na muda wote huo plagi inachemka. Soketi ya veranda iliyochakaa, chuma chake cha ndani kimelegea, chumvi imekila kikawa na ukungu wa kijani, huanza kuungua hata kabla mzigo haujafika huko. Unaijua kwa rangi: plastiki nyeupe inageuka kahawia kuzunguka tundu la waya wa moto, na kuna harufu kama ya samaki aliyeharibika. Baada ya nusu saa ya kutumia, shika plagi. Ikiwa vuguvugu, punguza mzigo. Ikiwa moto, zima, na soketi hiyo ibadilishwe. Kumbuka pia kwamba soketi ya veranda na ya sebule mara nyingi ziko kwenye breka moja, kwa hiyo pasi ya mama mwenye nyumba na birika la mgeni wanagawana waya ule ule ukutani.

"Waya ni waya"

Kebo ya karavani ni ya milimita za mraba 2.5, na kuna sababu. Ekstensheni nyembamba za dukani huwa na 0.75. Vuta ya mita 30 na uipitishie ampea 10: volti 18 hivi zinapotea njiani, na zaidi ya wati 180 zinageuka joto ndani ya waya wenyewe. Kule mwisho AC inapata volti 212 kama nyumbani zilikuwa 230 kamili, nasi tunajua jioni haziwi kamili. Mota yake inahangaika kuanza, inavuta zaidi, waya unazidi kupata moto.

Kama ni ekstensheni inayoviringishwa kwenye gurudumu lake, ifungue yote hata kama tela liko hatua tano. Waya ukikaa mviringo mmoja juu ya mwingine joto halina pa kutokea, na katikati unayeyuka huku kwa nje ukionekana mzima. Maungio yasilale chini. Kuyafunga kwa mfuko wa nailoni wakati wa masika ni kuyafungia maji ndani, maana unyevu unaingia na hautoki. Yainue juu ya tofali, chini ya paa, na waya uninginie chini kidogo kabla ya kuingia kwenye tela ili maji ya mvua yadondoke na yasifuate waya.

"Nimeona video, Wamarekani wanachomeka tu"

Kwao ni volti 120, hezi 60. Soketi yao ya kawaida ya ampea 15 inatoa wati 1,800, tela la ampea 30 linahitaji 3,600, na yale makubwa ya ampea 50 hupokea waya mbili za moto, jumla wati 12,000. Hata kwao kosa linalojulikana ni fundi kuiona soketi ya tela ya ampea 30, kudhani ni ya mashine ya kukaushia nguo, na kuiunganisha kwa volti 240. Vifaa vinaungua mara moja. Tela la Marekani likifika Bagamoyo na kuchomekwa moja kwa moja kwenye 230, matokeo ni hayo hayo. Linahitaji transfoma ya kushusha volti yenye uwezo wa kutosha, na transfoma haibadilishi hezi. Mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 itazunguka polepole zaidi kwa 50 na kupata joto. La Uingereza, Ulaya au Afrika Kusini halina shida hiyo.

Kuna jambo lingine linaloleta nafuu. Taa za ndani, pampu ya maji na feni ndogo za karavani kwa kawaida hutumia betri ya volti 12. Mgeni wa siku mbili mara nyingi anahitaji kuchajiwa betri tu, na chaja hiyo haizidi wati mia chache. Friji ya gesi nayo ina hita ya umeme ya wati mia chache tu. Mzigo wa namna hiyo soketi nzima yenye ethi inaubeba bila shida. AC, birika na hita ndivyo vya kupangiana zamu.

"Umeme ukikatika, tela nalo liilishe nyumba"

Hapana. Waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili, kutoka jenereta au inveta ya tela kwenda soketi ya nyumba, unarudisha umeme hadi kwenye nguzo, na transfoma ya mtaani inaupandisha hadi maelfu ya volti. Fundi wa TANESCO yuko juu akijua laini imezimwa. Na upande wako, ukichomoa ncha moja umeshika pini zenye moto mkononi. Umeme ukikatika, chomoa tela kabisa hadi urudi na utulie.

Kuhusu LUKU, nyumba iliyo kundi la D1, la watumiaji wadogo wa majumbani, ina kikomo cha yuniti 75 kwa mwezi kwa bei nafuu, na zinazozidi hutozwa zaidi. AC ya wati 1,000 ikifanya kazi jumla ya saa 8 inakula yuniti 8. Siku tisa, yuniti 72 zimekwenda kwa mgeni peke yake kabla friji ya mwenyeji haijahesabiwa. Zungumzeni bei siku ya kwanza, na mtumie mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi, ili kila upande uone yuniti zilizopita kwenye waya wa tela.