Alikuwa anaongea: jeraha la pili la ubongo

"Daktari, tulimleta akiwa anaongea. Imekuwaje leo hafumbui macho?" Ndugu wa wagonjwa wameniuliza hivyo mara nyingi, na swali hilo huniuma, kwa sababu jibu lake limo katika saa zile ambazo kila mtu alidhani hatari imepita.

Kichwa kikigongwa, jeraha la kwanza hutokea papo hapo: nyuzi za ubongo hukatika, mishipa hupasuka. Hilo hakuna daktari wa kulirudisha nyuma. Lakini seli zilizoumia humwaga kemikali iitwayo glutameti, kalsiamu hufurika ndani ya seli jirani, na ubongo huvimba kwa siku kadhaa. Hilo ndilo jeraha la pili, na ndilo tunaloweza kupigana nalo.

Fuvu la mtu mzima halitanuki. Limebeba ubongo, damu na maji ya ubongo. Kimoja kikiongezeka, vingine havina budi kupisha. Mwanzoni maji husogea kwenye uti wa mgongo na damu ya vena, mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, hutoka, hivyo mgonjwa huonekana ametulia. Nafasi ikiisha, damu kidogo tu iliyovilia hupandisha ghafla shinikizo la ndani ya fuvu. Kwa kawaida halizidi milimita 15 za zebaki. Likipita 22 tunalitibu. Toa shinikizo hilo kwenye wastani wa shinikizo la damu mwilini, utapata nguvu inayosukuma damu hadi kwenye ubongo. Tunataka ibaki 60 hadi 70. Mwenye wastani wa 80 na shinikizo la fuvu 30 amebakiwa na 50, na ubongo wake unakosa damu ya kutosha.

Usiku mmoja kipimo cha shinikizo la fuvu cha mgonjwa wangu kilipanda kutoka 16 hadi 27. Kabla ya kugusa dawa nilitazama shingo. Kichwa kilikuwa kimelalia bega la kulia, na utepe ulioshika mpira wa kupumulia ulikuwa umekaza hadi kuacha alama kwenye ngozi. Damu ilishindwa kushuka kutoka kichwani. Tulinyoosha shingo, tukalegeza utepe, tukainua kichwa cha kitanda nyuzi 30. Dakika chache baadaye kilisoma 17.

Steroidi, ambazo zamani zilitolewa ili kupunguza uvimbe, siku hizi hatuzitoi: utafiti mkubwa wa mwaka 2004, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 10,000, ulionyesha kuwa zinaongeza vifo.

Adui wakubwa ni ukosefu wa oksijeni na kushuka kwa shinikizo la damu. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1993 ulionyesha kuwa kwa walioumia vibaya kichwani, namba ya juu ya kipimo cha shinikizo la damu kushuka chini ya 90 hata mara moja kuliendana na vifo karibu maradufu. Ndiyo maana moyo hunishtuka nikipokea mtu aliyefungwa bandeji safi kichwani huku anakoroma. Mkoromo ule ni njia ya hewa iliyoziba, na hiyo ndiyo ilipaswa kushughulikiwa kabla ya bandeji.

Kwa nyinyi mnaokaa na aliyeruhusiwa kurudi nyumbani: akianza kutapika tena na tena, kuchanganyikiwa, kupata degedege, mkono au mguu mmoja kulegea, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, au usingizi ambao hamwezi kumwamsha, msiseme amechoka. Mrudisheni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.