Vikombe vya kale visivyofanana kwenye meza ya chai: yasemwayo na yaliyo kweli

"Ukichanganya vyombo, wageni watajua huna seti." Hilo husemwa sana, na silikubali hata kidogo. Uingereza, ambako chai ya alasiri ilianza kuenea katika nyumba za wenye nacho miaka ya 1840, baadaye viwanda vyenyewe viliuza seti ambazo kila kikombe kilikuwa na rangi yake. Huku kwetu, zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za nyumba za mawe za Lamu zilipambwa kwa kaure zilizoletwa na majahazi kutoka ng'ambo, na ilikuwa fahari ya mwenye nyumba.

Wengine huangukia upande wa pili: maadamu havifanani, basi chochote kinaingia. Hapo meza huonekana kama vyombo vinavyosubiri kuoshwa. Vikombe visivyofanana vinahitaji kitu kimoja cha kuviunganisha, iwe rangi, ukingo wa dhahabu au aina ya mchoro. Ukitaka meza ya bustani, kila kikombe kiwe na maua, waridi hiki na urujuani kile, kisha utandike kitambaa cha rangi moja. Kitambaa chenye maua juu ya vikombe vyenye maua huchosha macho.

Tena usitenganishe kikombe na kisahani chake. Kibonyeo cha katikati ya kisahani hutengenezwa kwa kipimo cha kitako cha kikombe chake. Ukibadilisha, kikombe huyumba na chai humwagika. Tofauti iwe kati ya mgeni na mgeni. Buli, bakuli la sukari na jagi la maziwa navyo si lazima viwe ndugu.

Kuna zile sahani za bluu na nyeupe zenye mti uliolegeza matawi, daraja na ndege wawili. Wengi huzipanga kwenye meza ya "China ya kale". Mchoro huo ulibuniwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 kwa kuiga kaure za China, na hata kile kisa cha wapenzi waliogeuka ndege kilitungwa hukohuko ili kuuza sahani.

Mwaka ulioandikwa chini ya chombo nao hudanganya wanunuzi. Mara nyingi ni mwaka kiwanda kilipoanzishwa: Wedgwood, kwa mfano, ni 1759, na vyombo vyenye jina hilo bado vinauzwa. Jina la nchi husaidia zaidi. Tangu 1891 sheria ya Marekani ilidai bidhaa za nje ziandikwe zilikotoka, kwa hiyo kikombe chenye neno "England" kwa kawaida ni cha baada ya hapo.

Sasa lile la hatari: "Bibi alikinywea miaka yote, ni salama." Rangi na utando wa kung'aa kama kioo uliopakwa vyombo vingi vya zamani vilikuwa na madini ya risasi, na huwezi kuyatambua kwa macho. Asidi huyatoa, kwa hiyo usitilie humo chai ya limau wala juisi ya ukwaju. Kikombe chenye mistari myembamba ya nyufa au rangi inayobanduka kitilie maua, au pipi zenye karatasi zake.

Chenye ukingo wa dhahabu kisiingie kwenye maikrowevu, kitatoa cheche. Kioshe kwa mkono, maji ya uvuguvugu na sifongo laini. Stilwaya huikwangua dhahabu yote.